Sitaki Fremu

Ka. Ka. Ka.

Sauti ilitoka chumba cha pili, kavu na ndogo, kama mjusi anayetafuna kitu kigumu. Alfajiri ilikuwa bado haijaadhiniwa. Nililala nikiisikiliza mpaka nikaitambua: mjukuu wangu Hamida alikuwa anakata kucha.

Kwetu kucha hazikatwi usiku, ni kuita mashetani. Nimelelewa hivyo, na yeye nilimlea hivyo hivyo tangu alipoletwa kwangu Mbagala kutoka Newala, mtoto wa shule ya msingi mwenye sanduku la bati. Nikagonga ukuta.

"Mke mwenzangu, unamwita nani saa hizi?"

"Simwiti mtu, bibi. Leo naingia chumba cha dawa. Kucha ndefu inatoboa glavu."

"Na jua likichomoza haitatoboa?"

Akacheka kidogo. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi kwangu, basi nikamwacha azikate zote.

Alikuwa amerudi na begi moja. Hakuachwa, wala hakutoroka. Aliambiwa achague.

Hamida ni mfamasia. Alishamaliza chuo na kufanya kazi kabla hajaolewa, na siku anaolewa na Abdulsamad wa Kigamboni alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea ubingwa wa dawa za saratani. Masomo yenyewe si ya kukaa darasani. Mwanafunzi anashinda hospitalini: kwanza wodini, akifuatana na madaktari kitanda kwa kitanda, kisha kwenye chumba ambamo dripu za wagonjwa zinachanganywa, huku mkubwa wake akiangalia kila anachokigusa. Dawa hizo ni kali. Zinapigana na ugonjwa, na zikimwagikia mtu asiye mgonjwa zinaweza kumdhuru. Hamida hakuwaficha wakwe zake jambo hilo. Aliwaeleza mezani, akijivunia, kama mtu anayesimulia atakavyovuka mto wenye mamba.

Kisha mimba yake ya kwanza ikatoka.

Sitamdhulumu mama mkwe wake. Bi Arwa alimkanda Hamida kwa maji ya moto kwa mikono yake mwenyewe. Alimpikia uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, na majirani waliokuja kuuliza maswali aliwarudishia mlangoni. Alimlilia mjukuu ambaye hakumwona. Lakini machozi yalipokauka alihitaji kitu cha kukilaumu, akakumbuka yale mazungumzo ya mezani. Akamwambia mwanawe, mwanawe akamwambia mkewe, na maneno yalipomfikia Hamida yalikuwa yamegeuka amri. Masomo au ndoa. Kikao kikapangwa kufanyika kwao, Jumapili.

Nilijua nitaitwa kama mzazi. Nilijua pia kwamba sina la kusema. Mimi nimesoma chuo cha Kurani na elimu ya watu wazima. Gazeti nalisoma kwa kulifuata na kidole. Jambo nililoliona kwa macho naweza kubishana nalo na mtu yeyote hapa Dar es Salaam. Nisiloliona hunifunga mdomo. Basi asubuhi ile ya kucha nikavaa baibui langu nikamwambia Hamida, "Nipeleke nikaone."

"Bibi, watu hawaruhusiwi kuingia mle."

"Sijasema kuingia. Nimesema kuona."

Mkubwa wake wa kazi aliitwa Benedicta, mama mnene, mpole wa sauti. Aliniletea kiti yeye mwenyewe, akakiweka mbele ya dirisha la kioo, akakifuta kwa kiganja kabla sijaketi. Mimi mambo hayo huyaona. Mtu anayefuta kiti cha bibi asiyemjua, hata kazi yake nyingine utaiamini.

Upande wa pili wa kioo akatokea mtu ambaye sikumtambua. Kumbe ni Hamida: gauni refu, kofia, barakoa, miwani. Glavu alivaa mbili mbili: za chini zikaingia ndani ya mkono wa gauni, za juu zikaufunika mkono huo kwa nje. Akaketi mbele ya kabati la kioo linalovuta hewa, akaingiza mikono yake ndani na kuanza kazi, taratibu, kama mtu anayekatiza kati ya watoto waliolala huku amebeba sufuria ya moto. Mwenzake aliyemtangulia kazini alisimama kando. Hamida akivuta dawa kwenye bomba la sindano, alisubiri mwenzake asome kipimo. Mwenzake akiitikia kwa kichwa, ndipo dawa ikaingia kwenye dripu. Hakuna aliyemharakisha mwenzake.

Nikaitazama mikono yangu mapajani.

Nilipokuwa msichana Newala, na hata baada ya kuolewa, tulibangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza kama moto. Tulijipaka majivu viganjani, na majivu yakilowa tuliungua, ngozi ikachubuka, tukalala tumeinua mikono juu kama watu wanaoomba dua. Vidole vyangu viwili havinyooki mpaka leo. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyekaa akawaza: mikono ya hawa wanawake tuifanyeje? Na sasa, nyuma ya kile kioo, kulikuwa na watu waliokwisha kuwaza, na mikono waliyoiwazia ilikuwa ya mjukuu wangu.

Nikamgeukia Benedicta.

"Mwanangu, niambie kweli. Dawa hizi ndizo zilizotoa ile mimba?"

"Bibi, sijui. Wakati ule alikuwa bado yuko wodini, hajaanza kuchanganya. Na mwanamke akituambia ana mimba, au anaitafuta, tunamtoa chumba hiki anafanya kazi nyingine. Hayo naweza kukuapia. Zaidi ya hapo nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Mchana Hamida alinipitisha wodini. Mgonjwa mmoja wa Kibamba, Anjelina, kichwa amekifunga kitambaa cha njano, alimwona tu akaingiza mkono chini ya mto na kutoa chupa ya soda yenye maji ya rangi ya kutu.

"Sista, usinigombeze."

Hamida alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Sikugombezi. Nani amekupa?"

"Mama mkwe. Mizizi. Anasema nyie mnanimaliza."

Hamida akaifungua, akainusa, akaifunga. "Mwambie namshukuru kwa kukuhangaikia. Ila dawa yake na yangu zinaweza kugombana tumboni mwako, na wewe ndiye utakayeumia. Hii yako ngoja niihifadhi. Dripu zikiisha, tutazungumza."

"Hatakubali. Humjui yule mama."

"Mlete. Nitaongea naye mwenyewe."

Nikatazama pembeni nisicheke. Mama mkwe wa mwenziwe anamwita aje. Wa kwake amemkimbia mpaka Mbagala.

Jumapili tulikwenda Kigamboni. Sebule ilikuwa imejaa udi na watu waliovaa vizuri. Msemaji alikuwa Mzee Usama, ami yake Abdulsamad, mwenye maduka ya vitambaa, na alisema kwa upole, kama anayemkunjulia mteja kitambaa kizuri.

"Sisi hatumkatazi binti kazi. Tumetafakari. Ipo fremu yetu Sinza, barabarani kabisa. Tutamtilia mashelfu, afungue duka la dawa. Dawa za kikohozi, za homa, za watoto. Atakuwa bosi. Hizo kali awaachie wengine."

Ilikuwa zawadi ya kweli. Wapo wafamasia wanaoota fremu kama ile. Nilimwona Hamida akitazama zulia.

"Mwanangu anahitaji watoto," akasema Bi Arwa. "Sitaki kumlilia mwingine. Zile ni sumu, mwenyewe alituambia."

"Mkwe, nimekwenda kuziona," nikasema.

"Umezionaje?"

"Kwa macho. Nyinyi mmezionaje?"

Bi Arwa akamtazama Mzee Usama.

"Nilimuuliza mkubwa wake kama ndizo zilizotoa mimba," nikaendelea. "Akasema hajui. Katika jambo hili lote yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akisema hajui, ndiyo maana nikamwamini." Nikainua mikono yangu waione vizuri. "Mie mimba mbili zilinitoka nikiwa nabangua korosho. Mikono hii iliungua hivi hivi mnavyoiona. Hakuna mkwe aliyeitisha kikao niache. Zile korosho zilikuwa zinalisha watu, basi hakuna aliyeziita sumu. Mjukuu wangu amevishwa glavu mbili mbili na watu wanaomjali, leo ndiyo mmeiona hatari?"

"Unakuja kutufundisha nyumbani kwetu, Bi Chausiku?" akauliza Bi Arwa.

"Ningetaka kukufundisha ningekuita kwangu, mkwe. Huku nimekuja kujibu."

Nikamgeukia Abdulsamad, aliyekaa karibu na mlango, viatu vyake anavitazama kama vya mtu mwingine. "Mume wetu, na wewe unasemaje?"

"Bibi, mie nipo katikati."

"Katikati ya barabara ndiko watu wanakogongwa."

Kuna waliocheka, hata Mzee Usama akajifuta mdomo. Abdulsamad akarudia kuvitazama viatu vyake. Ndipo Hamida akainua uso.

"Mama, nakuheshimu. Ulinikanda, siwezi kusahau. Ami, ahsante. Lakini fremu sitaki. Wale wagonjwa wananingoja, na mimi nitamaliza."

"Atamalizia kwangu," nikasema nikijiinua. "Hajaachika, na mie simwachishi. Mwenye mke anaijua njia ya Mbagala."

Tulirudi kwa njia ya Kongowe. Tulipofika Hamida aliniuliza kama tumeharibu. Nikamwambia sijui, na lilikuwa jibu la kweli.

Ijumaa ya kwanza Abdulsamad hakuja. Iliyofuata alikuja na samaki kwenye mfuko, akasimama uani kama mchumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea njia?"

"Sijapotea."

Nikampa kisu apare samaki wake. Toka siku hiyo akawa anakuja, baadaye akawa anamfuata mkewe hospitalini jioni. Mama yake alijua, hakumzuia. Alfajiri niliendelea kusikia zile kucha, nami sikugonga tena ukuta.

Hamida alimaliza. Sasa wanafunzi wapya wanakaa nyuma ya kile kioo, na yeye ndiye anayesimama kando akisoma na kuitikia kwa kichwa. Mtoto hajaja hadi leo. Akija atakaribishwa, asipokuja, Hamida ana jina lake na kazi yake.

Masomo yalipokwisha nilimrudisha Kigamboni mwenyewe, kwa mkono. Bi Arwa alitupokea na kahawa na tende. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Alimkalisha Hamida karibu yake, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akautazama muda mrefu. Ulikuwa laini, hauna doa. Akaurudisha pajani kwa Hamida, polepole.

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka getini.

"Siku ile ulinitukana mbele ya watu wangu."

"Sikukutukana, mkwe. Nilikujibu."

"Hakuna aliyewahi kunijibu." Akajifunga upya ushungi wake ingawa haukuwa umelegea. "Humu ndani ni ndiyo mama, sawa mama, toka asubuhi mpaka usiku. Nilikukasirikia wiki nzima. Halafu nikawa nabishana nawe jikoni peke yangu, na bado ulikuwa unanishinda."

"Sasa umerudishiwa Hamida. Huyo naye anajibu."

"Hamida anaondoka kabla hakujakucha." Alikuwa ameshika komeo la geti, asilifungue. "Njoo Ijumaa, nipike. Ikikushinda Ijumaa, njoo siku yoyote."