Vipande Vinne vya Pazia

Kwa maelezo ya fundi viatu, shati lake liliingia kwa dobi likiwa buluu, likatoka na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Tena aliona kwa macho yake mawili, alisema, rangi ikichuruzika ndani ya beseni kama machozi ya mjane. "Ile sabuni mpya inakula rangi!" alimwambia kila aliyeleta kiatu, na viatu, bwana, havikosi kutoboka.

Wateja watatu wakaja kuchukua nguo zao hata kabla hazijaloweshwa. Shangazi, mwenye chumba cha kufulia, akakunja mikono kifuani. "Mwanangu, wakifika kumi tunafunga mlango."

Binti dobi, mpwa wake aliyefua hapo, alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Akalikata pazia kuukuu la buluu vipande vinne. Viwili alivifua kwa sabuni mpya, viwili kwa ya zamani, na katika kila jozi kimoja akakianika juani juu ya bati, kingine kivulini barazani. Kila siku, wiki mbili nzima. Kisha akavipeleka vyote vinne kwa fundi viatu, avione.

Fundi hata hakuacha kushona. "Umefua wewe, umeanika wewe, na hukumu utoe wewe! Kesi ya nyani hakimu ngedere, binti yangu."

Neno lilimchoma, lakini kabla hajafika nyumbani aliona lina ukweli. Kesho yake akakata vipande vingine vinne kwenye pazia lilelile, akaenda mtaa wa pili kwa Mama Pacha, dobi mwenzake ambaye hawakupikika naye chungu kimoja.

"Ee! Unaniletea kamba nikunyonge?" Mama Pacha akacheka.

"Ndiyo maana nimekuja kwako, dada. Wewe huwezi kunipendelea; ukisema wewe, nani asiamini?"

Madobi hutia vifundo vya uzi kwenye nguo zisije zikachanganyika. Mama Pacha akakubali, akavificha vyake ndani ya pindo la kila kipande, akalishona likafumbika. Kwa nje hakuna aliyeweza kujua kipi kilifuliwa kwa sabuni ipi wala kilianikwa wapi.

Wiki mbili zikapita. Vipande vikapangwa kwenye benchi la fundi, na mmoja mmoja, wenzake wakiwa wamegeuza migongo, wakachagua viwili vilivyopauka zaidi: muuza magazeti, mwalimu mstaafu, na fundi mwenyewe. Wote watatu wakaangukia vilevile viwili.

Fundi akapasua pindo kwa kisu chake. Kifundo kimoja.

"Sabuni mpya," akasema Mama Pacha.

"Si nilisema mimi!"

"Pasua na cha pili, usiwe na haraka." Vifundo vitatu. "Sabuni ya zamani hiyo. Na vyote viwili niliviacha juani."

Ni vilevile vilivyopauka kwa binti dobi mara ya kwanza. Shangazi akamvuta kanga. "Sabuni imepona, mwanangu. Ishia hapo hapo."

Binti dobi alitamani kuishia hapo. "Sabuni haina kosa," akasema, "lakini mimi ninalo. Nguo za rangi naanika juani, juu ya bati. Shati la mzee tumelipausha mimi na jua."

Shangazi akafumba macho. Muuza magazeti akaangua kicheko. "Dobi anayejishtaki mwenyewe! Huyo nitampa hata suti yangu ya harusi."

"Unayo?" akauliza mwalimu.

"Nikiipata!"

Jioni hiyo kamba ya nguo za rangi ikahamishiwa barazani. Kabla ya wiki kwisha wateja wawili walikuwa wamerudi, mmoja na mapazia ya nyumba nzima. Wa tatu hakurudi. Alipeleka kiatu kwa fundi, na hakusikia jipya.

Binti dobi akaenda akasimama mbele ya lile benchi.

"Mzee wangu, habari ya sabuni uliwapa watu wewe. Nakuomba na hii uwape wewe, kwa sauti ileile."

Fundi akamtazama, akachota misumari minne, akaibana midomoni pasipite neno, akainamia soli.