Ngoma Kifuani

Mwanzoni mwa mwaka 2015 Ruhimbika alitolewa kwenye zamu ya usiku. Kwa muda mrefu alikuwa akipakia makasha katika ghala moja la mtaa wa South End, huko Louisville, Amerika, na yeye na mkewe Kanyange walikuwa wakiishi kama walinzi wa kupokezana lindo: mume akiingia alfajiri, mke anatoka kwenda kuwahudumia wazee, na binti yao Isaro anakunywa chai peke yake. Aliyemhamishia mchana ni kiongozi wa zamu aliyeitwa Harlan, mzaliwa wa Kentucky, mrefu, mpole, mwenye ndevu nyekundu. Jumapili hiyo Kanyange alisimama kanisani akamshukuru Mungu, kisha akamtaja na Harlan kwa jina.

Siku chache baadaye Harlan alimwita Ruhimbika kando ya mashine ya kahawa. Akamweleza kwamba yeye na wenzake wana bendi ya zumari za Kiskoti, zile zenye mfuko unaobanwa kwapani, na kwamba mpiga ngoma kubwa wao amehamia Florida. Akamshika bega. Wewe umetoka Afrika, alimwambia, ngoma mmezaliwa nayo. Ruhimbika alielewa kila neno, maana Kiingereza chake cha kusikia kilikuwa kizuri kuliko cha kusema. Alichokosa ni namna ya kumkatalia mtu aliyemtendea wema juzi tu. Akaitikia kwa kichwa, na kule kuitikia kukamfunga kuliko mkataba.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kushika mkwiro wa kupigia ngoma maishani mwake. Kwao, katika milima ya juu ya Kivu ya Kusini, alikuwa mtoto wa wafugaji. Alijua mluzi wa kuita ng'ombe, basi. Lakini si hilo lililomkaa rohoni. Kabla ya kuja Amerika aliishi katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya mpaka, na usiku kambi ile iliposhambuliwa, wauaji hawakuja kwa kunyemelea. Walikuja wakipiga ngoma na kuimba. Ruhimbika, kijana wakati huo, alizisikia kwa mbali, akadhani ni wanakwaya wanatoka kwenye mkesha, akageuka upande wa pili alale. Kisha ngoma zikafika, na risasi zikaanza. Mama yake na wadogo zake hawakutoka hemani.

Kanyange aliwajua marehemu wale kwa majina na aliwaombea. Lakini yeye wakati ule alikuwa mbali, Bukavu kwa mjomba wake, na mumewe hakuwahi kumsimulia wauaji walivyokuja. Aliona tu kwamba Jumapili mume wake hufika kanisani kwaya na ngoma zake zikiwa zimeshamaliza, akamhesabu kuwa mzito wa kuamka.

Mazoezi yalifanyika Jumanne jioni, katika chumba cha chini cha kanisa moja la Wazungu. Mwalimu wa ngoma alikuwa Verna, mama mfupi wa miaka kama sabini, muuguzi mstaafu. Alimtazama Ruhimbika alivyoikamata mikwiro, kama mtu aliyeshika mpini wa jembe, akamgeukia Harlan, akamrudia Ruhimbika, na habari ya kuzaliwa na ngoma hakuigusa hata siku moja. Hakumpa ngoma. Alimpa kibao kilichofunikwa mpira, akamwonyesha: usikabe, legeza kiwiko cha mkono, uache mkwiro uruke wenyewe na kurudi. Kisha akamtembeza ukumbini, pigo moja kwa kila hatua, mguu wa kushoto ukitangulia.

Kibao kile Ruhimbika alikiweza. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekata vitunguu. Alikipiga mezani jikoni baada ya kazi, na Isaro, akiandika kazi zake za shule, alimwambia kwa Kiingereza bila kuinua kichwa kwamba amelichelewesha pigo tena. Wiki zilivyopita mikono ikaanza kutii. Kulikuwa na jioni alizojisahau, akajikuta anafurahia vile mkwiro unavyorudi kiganjani kabla hajauita. Na hapo ndipo alipozidi kunaswa, kwa kuwa Kanyange alikuwa ameshawatangazia watu. Mchungaji Karaha wa kanisa lao alimwomba apige siku ya Pasaka, naye Ruhimbika akasingizia zamu. Wanaume wa kanisani wakamtania juu ya ile sketi ya sufu ambayo bendi ingemvalisha, lakini kwa namna ya watu wanaojivunia mwenzao. Kila aliyempongeza alimwongezea kamba.

Mwezi wa tatu ngoma yenyewe ikaletwa. Verna alimvalisha mikanda mabegani na kuikaza mgongoni, mahali ambapo mkono wa mvaaji haufiki. Ngoma ilimkaa kifuani, pana kiasi kwamba hakuiona miguu yake. Pigo la kwanza hakulisikia kwa masikio. Alilisikia kwenye mbavu. Halafu wapiga ngoma ndogo, waliosimama nyuma yake, wakaanza ule mvumo wa kuianzisha bendi, fimbo zikinyesha kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Shati likamlowa. Alitamka neno choo, akaenda mbio hadi kwenye mlango mwembamba wa kutokea, na ngoma ikagonga miimo yote miwili. Haikupita. Alijaribu kwenda upande upande, ikakataa. Alibaki pale amekabiliana na mlango ulio wazi, akiuona ukumbi mdogo wa nje na ngazi za kupandia barabarani, huku nyuma yake watu wakicheka bila ubaya. Alipoweza kupumua aligeuka, akarudi mahali pake.

Nyumbani alijaribu kujiondoa. Alimwambia mkewe kwamba amechoka na hiyo bendi, kwamba umri umekwenda.

"Baba Isaro," Kanyange alisema, "huyu mtu alikutoa kwenye usiku. Bon, amekuomba kitu gani? Kupiga ngoma tu. Utamwambia nini, kwamba mkono unakuuma?"

Ruhimbika akainama kufungua viatu. Angeweza kumsimulia yote siku ile. Kanyange akachukua simu akampigia Spés, aliyekuwa Buffalo, kumpa habari kwamba mwezi wa saba bendi ya Ruhimbika itakwenda huko kwenye gwaride. Spés alikuwa binti wa baba mkubwa wa Ruhimbika, dada yake kwa hesabu ya kwao, na walikuwa wamelala hema moja usiku ule. Yeye alitoka na risasi ya mguu, akabaki kuchechemea. Kanyange alipokata simu alisema ajabu, Spés hakushangilia hata kidogo, ameuliza tarehe tu.

Kabla ya Buffalo kulikuwa na mashindano karibu na Columbus. Jua lilikuwa kali, na sufu ya ile sketi ilimwasha mapajani. Mutware, mpwa wa Kanyange aliyesoma chuo kikuu pale, alikuja na wenzake kutoka mtaa wa wanafunzi, simu zikiwa juu kumpiga picha mjomba. Bendi ikajipanga mbele ya waamuzi. Harlan, aliyeiongoza bendi, akatoa amri. Mvumo wa kwanza wa ngoma ndogo Ruhimbika aliupita akiwa amefumba macho. Kwenye wa pili mkono wake wa kulia ulipanda, na haukushuka.

Zumari zikaanza bila kitu cha kuzishika. Upande mmoja ulikimbia, mwingine ukachelewa, na wimbo ukafumuka mbele ya watu wote. Harlan alipuliza hadi mwisho, shingo imekuwa nyekundu kuliko ndevu.

Baadaye Verna alimfungua mikanda nyuma ya gari. Ruhimbika alimwambia, kwa Kiingereza chake kidogo, kwamba hawezi. Verna akauliza kama ni mikono. Akatikisa kichwa, akagusa sikio. Yule mama alimtazama kwa muda, kwa jicho la mtu aliyekaa na wagonjwa wengi, wala hakudadisi. Alimwambia akitaka aiache leo hii, na yeye mwenyewe atamweleza Harlan.

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na Ruhimbika hakuweza kutoka. Alimwona Harlan kwa mbali akipakia viti kimya kimya. Akaiwaza zamu ya usiku, na Isaro na chai yake. Akasema atakwenda Buffalo.

Alikwenda akiwa na hofu mbili, ya ngoma na ya Spés. Barabarani alikagua kila uso uliokuwa kando ya njia, akaogopa kumwona, akaogopa kutomwona. Alishika hesabu ya mguu wa kushoto, akakazia macho kisigino cha kiatu cha mtu wa mbele, na mvumo ulipokuja aliuma meno na kupiga. Alipiga gwaride zima bila kukosea. Spés hakuonekana. Walipofika mwisho, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni.

"Njoo nyumbani," Spés alisema. "Na uje na hiyo ngoma."

Harlan alimpeleka kwa gari, akidhani ni ndugu wanataka kuiona. Spés aliishi chumba cha chini cha nyumba ya mbao. Alimkumbatia Ruhimbika, akamwambia amenenepa, akamwonyesha kiti cha kuiegemeza ngoma. Harlan alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Sikufika barabarani," Spés alisema. "Nilivaa viatu, nikapanda ngazi, miguu ikakataa."

"Nisamehe, dada."

"Sijakuita uombe msamaha. Piga. Donc, polepole, na mimi nikisema basi, unaacha."

Alipiga. Chumba kilikuwa kidogo, vikombe vikalia kabatini. Spés alikuwa amekaa wima, mikono imekamata magoti, uso umekauka, macho kwenye mkwiro.

"Basi."

Ruhimbika aliacha, akaweka kiganja kwenye ngozi ya ngoma sauti ife.

"Tena."

Akapiga tena, na tena akaambiwa basi, na tena akaacha. Waliendelea hivyo. Mara nyingine Spés alimwacha apige hadi uso wa yule dada ukatoka jasho. Mara nyingine alimkata kwenye pigo la kwanza. Mwisho alinyoosha mkono, akaigusa ngozi, akahisi ilivyo ya kawaida.

"Usiku ule nilisema basi," alisema. "Nilisema kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Hawakuacha."

Harlan aliona nyuso zao, akauliza kuna nini. Ruhimbika akamwambia. Maneno yalikuwa machache, na mengine yalikosewa, lakini alimaliza: kambi, ngoma, mama yake, wadogo zake. Harlan alikaa chini sakafuni pale pale. Kisha alisema aliongea upumbavu siku ile kwenye mashine ya kahawa, na kwamba zamu ya mchana haikuwa bei ya kitu chochote. Ruhimbika hakujua aamini kiasi gani. Alijua tu kwamba ameshasema, na paa halijaanguka.

Aliporudi Louisville alimsimulia Kanyange jikoni. Kanyange hakulia mbele yake. Alimwuliza nani alilala wapi ndani ya hema, naye akamtajia mmoja mmoja hadi chakula kikapoa, kisha Kanyange akamwomba msamaha kwa kumtangaza kwa watu na kwa simu ile ya Spés.

Zamu yake haikuguswa. Aliendelea kuipiga ile ngoma kwa sababu hapakuwa na mwingine, na kila ngoma ndogo zilipovuma hofu ilimjia ileile. Haikupungua kama alivyotumaini. Mwezi wa kumi akapatikana wa kushika nafasi yake, mwalimu mmoja wa shule, mtu mnene mwenye furaha. Ruhimbika alimvalisha mikanda, akaikaza mgongoni, akamwonyesha mguu wa kutangulia. Verna alimpa mkono. Kisha Ruhimbika akachukua koti lake, akapanda ngazi, akatoka nje kabla ngoma ndogo hazijaanza.