Mikono Iliyobaki na Kokoa

Neli alikuwa anageuza kokoa kwenye jamvi, nyumbani kwake Katumba Songwe, habari ilipovuka mto kwamba mama yake yu mgonjwa upande wa Malawi. Alitaka kwenda siku hiyohiyo. Mama hali kitu, walisema, na Neli alijua kijiko angekipokea kutoka kwake tu.

Mumewe Zebedayo, mtu mpole asiyepandisha sauti, alisimama mlangoni akijikuna kidevu.

"Nenda, mama Ipyana. Mzazi ni mzazi. Ila hii kokoa ataigeuza nani? Ikishika ukungu, tumekwisha."

Neli akaona ni kweli. Akaivua mikono yake kwenye viwiko, akailaza juu ya jamvi. Zebedayo akamfungia nauli kwenye pindo la kanga, akambebea mzigo hadi kivukoni.

Nyumbani, mikono haikukaa bure. Iligeuza kokoa, ikateka maji, ikapepeta mchele, ikamkuna mtoto Ipyana mgongo mpaka akasinzia. Jirani yao Jeni alipokuja kuomba moto, ikamchotea kaa.

"Ndaga fijo," Jeni akaishukuru, kisha akamgeukia Zebedayo. "Una bahati, shemeji. Ya kwangu nikiiacha, itatoroka."

Jioni, vyombo vikiisha, mikono ilikutana kiganja kwa kiganja, ikasali.

Ng'ambo, Neli aliketi kando ya kitanda cha mama yake. Uji ulikuwepo, kijiko kilikuwepo. Mama akamtazama viwiko, akashusha pumzi.

"Umemwachia mumeo?"

"Kuna kokoa, mama."

"Mimi ilikuwa mpunga, bibi yako alipougua." Akajiegemeza ukutani, mgonjwa huyohuyo, akachota uji. "Haya, fungua mdomo."

Wakala hivyo, kijiko cha mwana, kijiko cha mama, mpaka Bwana akamwinua mzee kitandani. Neli alilia kwa shukrani, na mama ndiye aliyemfuta machozi.

Aliporudi aliivaa mikono yake. Ilikuwa na sugu mpya na kovu la moto asilolijua. Kokoa ilikuwa imekauka vizuri mno. Kule kwenye chama cha ushirika karani aliisifu, na Zebedayo akajibu, wala hakuwa na nia ya kudanganya, "Nimehangaika nayo peke yangu. Mama Ipyana alikuwa kwao, anapumzika." Akarudi na usipa, samaki anaowapenda mkewe. Neli akawapika.

Kokoa nyingine ilikuwa jamvini, mbichi bado, habari ilipotoka Ngana kwamba mama yake Zebedayo anaumwa.

"Nenda ukamwuguze, mama Ipyana," Zebedayo akasema. "Safari hii nenda na mikono."

"Na kokoa?"

"Aa, kokoa itasubiri."

Neli alimpenda mkwewe, kwa hiyo kwenda angekwenda. Lakini kulikuwa na neno alilotaka kulisema kwanza. Akavuta pumzi alitamke. Mikono ilikuwa imeshaanza kufunga mzigo.