Dawa Iliyotoka Kwenye Benchi

Saa moja na nusu asubuhi Mwajabu alikuwa ameshapima oksijeni iliyobaki kwenye mtungi wa tieta, chumba cha upasuaji, na kujaribu taa ya kuangalia koo. Kwa miaka kumi na tisa, katika kituo kimoja cha afya huko Mtoni, kazi yake ni kuwalaza watu wanaopasuliwa, kisha kuwaamsha. Kulaza hata pombe inalaza. Kuamsha ndiko kazi.

Akateremka stoo.

"Albano, nipe inhela moja ya kufungua kifua. Ya tieta imeisha tangu Jumatatu."

Albano, mtunza stoo, hakuinua macho. "Inhela ni za kliniki ya pumu, sista. Tieta mnayo aminofilini ya sindano. Zote si zinafungua kifua? Dawa ni dawa."

"Hazilingani. Nimeandika humu." Akafungua daftari la shule lenye jalada la plastiki: wagonjwa kumi na mmoja waliobanwa kifua wakiwa usingizini, kila mmoja na dawa aliyopewa na dakika zilizopita. "Inhela, dakika tatu, nne. Aminofilini unaipitisha polepole, nusu saa nzima, na kwa gesi yetu hii ya kulazia, moyo unaanza kurukaruka. Huyu hapa nusura anifie."

"Daftari si fomu. Kesho kuna wakaguzi wa halmashauri, zikipungua nitasemaje?"

Boksi lenyewe la inhela lilikuwa nyuma ya kisogo chake, halijafunguliwa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Somoe, muuza vitumbua mwenye ngiri ya kitovu. Aliingia ananukia kama bibi harusi.

"Mwenzangu, umejifukiza udi?" Mwajabu akauliza.

"Sasa nije nilale uchi mbele ya madaktari, nisinukie? Mie wa pwani, bwana!"

Wauguzi wakacheka.

"Kifua hakikusumbuagi?"

"Wala."

Alidanganya. Mtaani walimwambia mwenye pumu hapasuliwi pale, huandikiwa rufaa akasubiri miezi.

Daktari Theonest ndiyo kwanza alikuwa amepasua, mfuko wa kupumulishia ukawa mgumu mkononi mwa Mwajabu kama mpira wa miguu. Kifua hakipandi. Namba za oksijeni kwenye kidude cha kidoleni zikaanza kushuka: tisini na nne, themanini na saba.

"Simama, daktari. Kifua kimefunga."

Hakupaza sauti. Akafungua oksijeni yote, akaongeza gesi ya kulazia, akapapasa mrija wa pumzi kuona kama umepinda. Haukupinda. Sabini na tisa.

"Aminofilini ile pale," akasema Theonest, mikono juu.

"Naiona. Mauwa! Kimbia kwenye benchi la pumu, uliza nani ana inhela. Stoo wataanza kutafuta fomu."

Muuguzi Mauwa akatoka mbio. Kwenye foleni ya kliniki ya pumu mama mmoja mtu mzima alifungua fundo la kanga yake. "Chukua, mwanangu. Mie ntavumilia."

Mwajabu akachomoa kichupa cha chuma cha inhela, akakitumbukiza mdomo chini ndani ya bomba kubwa la sindano, akarudishia kisukumio, akaliunganisha na mrija wa pumzi. Akabonyeza. Psii. Mara nane, kila mara akisubiri pumzi moja ipite. Tieta nzima ilikuwa inaangalia mikono yake, mikono mikavu ya mtu anayejifulia mwenyewe. Dakika ya nne mfuko ukalegea. Tisini na sita.

"Endelea, daktari," akasema, kama aliyekuwa amemsimamisha apokee simu.

Saa sita, Somoe yuko wodini anadai chai, Albano akaja na inhela mpya mkononi.

"Sista, yaishe. Mrudishie yule mama hii, na kwenye kitabu cha usingizi andika dawa imetoka stoo. Wakaguzi wasije wakatuona watu wa ajabu."

Mwajabu akaipokea, akampa Mauwa aipeleke upesi. Yule mama alikuwa bado kwenye benchi, anahema kwa mabega.

Kisha Mwajabu akavuta kitabu, akaandika taratibu kwa herufi kubwa: *Inhela ya mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi. Stoo zilikuwepo, nikanyimwa.* Akaweka majina yake yote matatu.

Albano akasoma, akasoma tena. "Sasa hii nitawaonyeshaje halmashauri?"

"Wana macho. Naomba unipishe mlangoni, mgonjwa wa pili anaingia."