Kikapu cha Mama Vifungo

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Hata dada yangu aliponisindikiza uwanja wa ndege alinionya, "Mdogo wangu, ni wiki sita tu hizo, usiende kugombana na watu wa watu." Nikamwambia nakwenda kupima kazi, si kupigana. Akacheka, akasema kwangu mimi hivyo viwili ni kitu kimoja.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kiwanda cha sare za shule, nchi jirani. Kulikuwa na meza ndefu ambapo wanawake tisa walishona vifungo kwa mkono. Mkurugenzi alitaka mtu wa nje, asiye shangazi wala binamu wa yeyote, aje apime mshonaji mmoja anapaswa kumaliza mashati mangapi kwa siku. Asiyefikia kipimo ataachishwa. Ndivyo mkataba ulivyosema, na nilitia saini bila kufikiri mara mbili.

Siku ya kwanza waliniangalia kama daktari wa meno. Siku ya tatu wakaanza kuicheka lafudhi yangu, nikajua nimeshakubaliwa. Mkubwa wao waliyemwita Mama Vifungo alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye meza ile, na miezi saba tu imebaki astaafu. Mumewe, fundi bomba wa zamani, figo zilikuwa zimemkatalia. Kila Jumanne na Ijumaa alisafishwa damu hospitali, kwa kadi ya matibabu ya kiwanda. Mama Vifungo akistaafu, kadi inabaki yake maisha. Akiachishwa, inakufa siku hiyohiyo.

Haya hakuniambia yeye. Aliniambia msimamizi wa meza, naye mmoja wa wale tisa, mwanamke mnene wa maneno machache, tukiwa tunanawa mikono. "Nakuambia ujue tu. Sikuombi kitu."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia namba hazina huruma wala chuki. Basi nikajiona mtu wa haki kwelikweli!

Kila jioni, kengele ikilia, nilihesabu mashati. Kila mtu alikuwa na kikapu chake. Nilitegemea Mama Vifungo awe wa mwisho, maana nilimwona anavyoinamia shati mpaka pua inagusa kitambaa. Lakini wapi! Kikapu chake ndicho kilichofurika: sitini, siku nyingine sitini na mbili, na wenzake wote wamegota arobaini na tano. Ningekaa pale mchana kutwa ningeona kinachofanyika. Sikukaa. Nilishinda ofisini na karatasi zangu, mezani napita asubuhi na jioni.

Na nilifurahi, jamani. Nilifurahi kwa ajili yake. Niliandika kipimo kiwe arobaini na tano, na Mama Vifungo nikamweka juu ya wote. Ningeishia hapo ingekuwa heri, ila kiherehere changu! Nikaongeza kwamba huyu ndiye mfano wa kiwanda, na wapya wote wafundishwe naye. Nilidhani nimemwekea ngao.

Mkurugenzi alisoma ripoti, akaipenda. "Mwiteni," alisema, "wakubwa wamwone akifanya kazi."

Wakubwa watano walikuwa wamekaa chumba cha mikutano, kwenye meza ya kioo. Wakamwekea shati jeupe, uzi mweupe, vifungo vyeupe. Mama Vifungo aliingia amejifunga kitambaa kipya kichwani. Akaanza kutafuta tundu la sindano, kwa vidole, kwa ulimi, kwa dua. Dakika nne uzi haujaingia. Nikainuka nimtungie, Mkurugenzi akaniashiria nikae. Mwishowe uliingia. Kifungo cha kwanza alikishona nje ya alama. Cha pili kikamponyoka, kikaviringika chini, naye akapiga magoti kukipapasa, mama wa umri ule, miguuni pa watu wenye viatu vya kung'aa.

"Kiko wapi, wanangu?" aliuliza.

Kilikuwa mbele ya mkono wake.

Nilitoka mle nimewaka, nikaenda moja kwa moja hadi meza ya vifungo. "Mmenifanyia nini nyie?"

Msimamizi aliweka sindano chini. "Haoni, dada. Mwaka wa pili huu. Namjazia kikapu, mashati matano kila siku."

"Matano hayamfikishi sitini!"

Kisha mdogo wao, aliyekuwa mjamzito wa miezi saba, akaanza kulia. "Na mimi namwekea matano," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Na mwingine naye, na mwingine. Kumbe hawakuwa wameambizana. Wote wanane, kila mmoja kwa siri yake, wakitaka tu mama wa watu asiwe wa mwisho, walikuwa wamemfanya wa kwanza.

Hasira ziliniishia palepale. Nikabaki na aibu.

Nikarudi kwa Mkurugenzi, nikamweleza yote, nikamwomba ripoti yangu niirekebishe. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, na macho yalimlainika. Halafu akavuta kalamu.

"Kwa hiyo wanaweza hamsini," alisema. "Basi andika hamsini. Nami Mama nitampa likizo mpaka astaafu, na kadi haitaguswa. Usipoandika, leo ni siku yake ya mwisho."

Niliwapelekea habari hizo mezani, maana sikuweza kuzibeba peke yangu.

"Hayo matano tunayashona saa ya mapumziko," msimamizi alisema. "Tunakula tumesimama."

"Ndiyo maana siandiki! Si ya miezi saba haya. Yakishaandikwa ni ya siku zote."

Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Hakuna aliyekataa. Yule mjamzito alikuwa anajipangusa machozi kwa shati la mtoto wa shule asiyemjua.

"Kesho Ijumaa," msimamizi alisema. "Mzee anatakiwa hospitali. Andika, dada."

Nikaandika. Hamsini, kwa mkono wangu huu. Nikasaini, nikapanda ndege, na nilipofika nyumbani sikutaka hata kusalimiwa.

Wiki ya tatu msimamizi alinipigia simu. Mzee alikuwa amefariki Jumapili, usingizini. Nililia, nikamuuliza Mama Vifungo yu hali gani. Yuko kwa mdogo wake, akasema, anapikiwa, anashikwa mkono kwenda uani. Nikauliza na nyie wa mezani, hamjambo?

"Yule mdogo wetu mjamzito ameachishwa jana," alisema. "Alifikisha arobaini na nane."