Behewa Ambalo Mama Alikataa Lifunguliwe

"Mbwa kafa," alisema Lisandro, akinigeuzia kompyuta. "Ona mwenyewe, Dada Zulema. Imeandikwa humu tangu mwaka ule."

Niliona. Na aliyeandika ni mimi! Miaka sita iliyopita, hapa hapa Rosario, Ajentina, tulitengeneza mchezo wetu wa kwanza wa kompyuta: msichana, treni yake, na behewa lililojaa moshi wa sumu ambamo mbwa wake amefungiwa. Fungua umkute mzima au maiti, ama ondoka zako. Tulijigamba kwamba ni kama lile fumbo la wanafizikia la paka ndani ya sanduku: kabla hujafungua, yu hai na amekufa kwa pamoja. Uongo mtupu. Kwa uvivu wangu niliifanya kompyuta irushe sarafu mara tu mchezo ulipoanza, halafu nikalificha jibu kwenye faili la kila mchezaji.

Sasa tulikuwa kwenye sehemu ya pili, inayosoma faili la mchezo wa kwanza ili maamuzi ya mchezaji yaendelee. Na faili lililokuwa wazi mbele yetu lilikuwa la baba yangu.

Baba na Mama walicheza pamoja kila Jumapili baada ya kula tambi. Walipofika kwenye behewa, Mama alimshika mkono. "Usifungue, Anselmo. Kwangu mimi ni mzima." Mama alifariki Agosti. Tangu hapo Baba hajaugusa mchezo ule, ila kila nikienda kumwona ananiuliza hiyo sehemu ya pili itasemaje.

"Itasema ukweli," alisema Lisandro. "Tunaanzia kwenye kaburi la mbwa, watu wanalia, safi kabisa."

"Kaburi gani? Hawakufungua!"

"Lakini jibu lipo."

"Lipo kwa sababu nililiweka mimi, na nitalitoa mimi. Sarafu itarushwa mtu akifungua, si kabla. Asiyefungua, behewa lake linabaki vile vile."

Akacheka. "Yaani upindue kazi ya ofisi nzima kwa ajili ya mzee wako?"

"Ndiyo! Kwa ajili yake na wote waliokataa kufungua. Tuliwaambia uamuzi ni wao. Tuliwaambia, hatukuwaambia?"

"Bosi hapa ni mimi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Livunjike!" Nilisimama, nikamsukumia kiti changu. "Haya bosi, kaa uyasome mafaili ya zamani mwenyewe."

Hakuna mwingine pale aliyeweza kuyasoma, naye alilijua hilo. Alikitazama kile kiti weee, mpaka akachoka.

"Siku kumi," alisema. "Na usinisemeshe."

Nilimaliza kwa siku tisa. Jumapili nikampelekea Baba. Akawasha, na behewa likatokea relini, limefungwa. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Wewe ndiye uliyeandika," alisema. "Yu hai?"

"Hakuna ajuaye, Baba. Hata mimi sijui."

Kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Kidole chake kilisogea hadi kwenye kitufe cha kufungua. Kikakaa pale. Kisha kikaondoka. Akairudisha treni nyuma taratibu, mpaka ikaligonga lile behewa, akaliunganisha. Mchezo unaruhusu kuunganisha behewa lolote, lakini la mbwa, wallahi, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria.

"Baba, unafanya nini?"

"Hapa simwachi," alisema, na treni ikaondoka nalo.