Migongo ya Kadi za Rangi

Mzee aliichomoa kadi ya kwanza kwenye jalada, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani nyumbani. Akaichomoa ya pili, kisha ya tatu. Kwenye kona ya kila kadi palikuwa na doa la rangi lenye upana wa kidole gumba: moja jeusi, moja la rangi ya maziwa, moja jekundu la matofali. Alizirudisha zote tatu polepole, akalifunga jalada na kuweka kiganja juu yake.

"Nani aliyezipanga hizi?" aliuliza.

"Mimi, Mzee," alijibu Rula, na tabasamu lilikuwa limeshafika mdomoni, maana alikuwa akingojea asante.

Rula halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake wa hifadhi ya nyaraka za jiji, kwa kuwa hakuweza kupita mezani kwa mtu bila kunyoosha kitu. Kalamu ikilala upande, ataiweka sawa. Faili likitokeza ulimi nje ya rafu, atalirudisha kwa kidole huku akiendelea na mazungumzo. Na kwa kweli mahali pale palihitaji mtu wa namna hiyo. Katika vyumba vile vinne vyenye madirisha madogo zilikaa barua za kiwanda cha sabuni, michoro ya wafua vyuma, vitabu vya oda vya mpiga chapa aliyekufa bila mrithi, na orodha za washona viatu wa mitaa mitatu. Mkuu wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini ambaye kila mtu alimwita Mama Vumbi, alikuwa na kauli yake kuhusu jambo hilo. "Hotuba zina wenyewe wa kuzitunza," angesema. "Sisi tunatunza kazi."

Kadi zile zilitoka katika kiwanda cha rangi kilichokuwa nyuma ya stesheni, na huyo Mzee ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kuchanganya kwa miaka arobaini. Kiwanda kilipofungwa, wabomoaji walianza kuchota makaratasi kwa koleo kama wanaochota kokoto. Fundi alipita katikati yao, akatoka na masanduku mawili ya bati, akayaleta hifadhi kwa miguu, akipumzika kila kona. Siku hiyo Mama Vumbi alikuwa kwenye likizo ya kupasuliwa jicho. Rula aliyapokea peke yake, akayafungua, akasikitika. Kadi ya zamani ilisimama mbele ya kadi mpya, herufi hazikufuatana, tarehe zilirukaruka. Aliwahurumia watu wa kiwanda kwa uzembe wao. Kwa wiki nzima alizifuta vumbi, akazipanga kwa tarehe, akazilaza katika majalada safi, na masanduku yale yenye kutu akayatupa stoo.

"Umezipanga vizuri, binti," alisema Fundi sasa, na upole ule ulimtisha Rula kuliko kama angefokewa. "Ila kwa mpango huu huwezi kupika hata kopo moja."

"Lakini kila kadi ina vipimo vyake, Mzee."

"Ina vipimo vya kilichotiwa. Haina vya kilichokuwa tayari ndani ya pipa."

Akavuta kiti. Walikuwa na pipa moja tu kubwa, alieleza, na kuliosha kulikula nusu siku. Kwa hiyo walianza na rangi iliyo nyepesi kuliko zote, wakaenda wakizidisha uzito, na mabaki yaliyoganda pembeni mwa pipa yaliingia katika rangi inayofuata. Mabaki hayo hayakuwa uchafu. Yalikuwa sehemu ya mapishi.

"Bluu yetu ya milango, watu walikuwa wanasafiri kuifuata. Kwenye kadi yake huoni kijani hata tone. Lakini kabla yake tulipika kijani, na kile kilichobaki ndicho kilichoitia uhai. Jamaa wa kiwanda kingine walinakili kadi ile kwa siri, wakaenda kupika. Wakapata bluu kama ya kila mtu!" Alicheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikamwishia ghafla. "Na njano ndiyo yenye mtihani. Njano ina njia mbili, ya kijani na ya machungwa. Ukishaingia moja huna kurudi. Safari yote ya wiki mbili, wiki moja kwa kila njia, ilikuwa mle ndani ya masanduku, kadi nyuma ya kadi. Sikuiandika popote pengine. Na hiki kichwa siku hizi kinavuja."

Kwa mikono yake safi, yenye glavu, alikuwa amefuta kile ambacho koleo za wabomoaji zilishindwa kukifuta. Kadi zote zilikuwapo, na bado kazi ya mtu ya miaka arobaini haikuwapo tena.

Mama Vumbi, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia na kusimama nyuma ya kiti cha mgeni. "Zilikuja hivi?" aliuliza.

Swali lilikuwa fupi, na jibu la uongo lilikuwa fupi kuliko swali. Neno moja tu, ndiyo, na nani angelipinga? Mzee mwenyewe alikiri kwamba kichwa kinavuja. Rula akapiga moyo konde.

"Hapana, Mama. Zilikuja kwa mpango wao. Mimi niliuona kama fujo, nikauvunja. Wala sikuuandika."

Waswahili wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na Rula aliyaona yakielea mbele yake, sakafu nzima. Lakini Mama Vumbi hakuwa mtu wa kutazama sakafu. Aliichukua kadi moja ya njano, akaigeuza na kuipeleka chini ya taa, kwenye jicho lake zima.

"Ulizitazama migongo?" aliuliza.

Pale, kwenye karatasi iliyopauka, palikuwa na kivuli cha kijani chenye ukubwa wa kidole gumba.

"Bwana wee!" Fundi alisema. "Tulikuwa tunapaka doa na kuirudisha kadi hata haijakauka. Haraka za kazi. Msimamizi alikuwa akitugombeza kila siku kwamba kadi zinachafuana."

"Basi mmemshinda," alisema Mama Vumbi. "Kila kadi imemchafua aliyesimama mbele yake. Rula, utamtafutia kila mmoja jirani yake."

Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja. Kadi zilikuwa sitini na nane. Rula alizitandaza juu ya meza mbili ndefu, akawa anainama na lenzi toka asubuhi mpaka mlinzi aje kumkumbusha kwamba ana kwao. Kivuli cha mgongoni kililala kinyume cha doa lililokizaa, na kila doa lilikuwa na kingo zake, mikwaruzo ya brashi, mahali rangi ilipochuruzika kidogo. Nyeupe ndizo zilizomtesa. Alikuwa hajui kwamba duniani kuna nyeupe tisa, na ya saba na ya nane zilikaribia kumliza.

Mara ya kwanza alipozipanga alisoma tarehe tu. Sasa, kwa kuwa alilazimika kukaa na kila kadi, alianza kusoma na mengineyo. Pembeni mwa vipimo palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli. *Siku ya mvua punguza mafuta. Hii usimwachie mtu mwenye mafua, lazima inuswe. Mpaka rangi wa hospitali anataka iliyotulia zaidi, wagonjwa wanalalamika.* Kumbe kulikuwa na mtu aliyewafikiria wagonjwa waliolala wakitazama ukuta, akarudi kwenye pipa kwa ajili yao. Rula alikuwa amepita mbele ya hospitali ile tangu utotoni na hakuwahi kujiuliza kwa nini kuta zake zinapumzisha macho. Aliona haya, na chini ya haya hizo aliona furaha, furaha ya mtu aliyetambulishwa upya kwa jiji lake.

Siku ya kumi na moja likabaki pengo moja. Kadi ya kijani ya hamsini na tatu ilikuwa na kivuli kisichofanana na doa lolote mezani: rangi kati ya kijani na kijivu, kama jani lililosahaulika ndani ya maji. Kadi iliyobaki mkononi, ile bluu maarufu ya milango, haikuwa imemchafua yeyote. Baina yao palikosekana mtu.

Rula aliyarudia majalada yote. Alikwenda stoo, akayang'uta masanduku ya bati, akapiga magoti na kumulika chini ya rafu. Hakuna. Usingizi ulimpaa siku mbili akijiuliza kama ilidondoka katika vitambaa alivyofutia vumbi, vikatupwa pamoja nayo.

"Siku ya kupokea ulizihesabu?" Mama Vumbi alimuuliza.

"Sikuzihesabu, Mama."

"Mficha uchi hazai. Andika hivyo hivyo."

Rula wa zamani angezisogeza kadi mbili zile zikagusana, safu ikanyooka, macho yakaridhika. Huyu wa sasa aliweka kati yao karatasi nyeupe na kuandika kwa penseli: *Hapa pana kadi moja isiyoonekana. Zilipopokelewa hazikuhesabiwa. Kosa ni la mhifadhi.* Akatia saini yake kamili.

Fundi alipoitwa kuja kukagua, alikuja na mkewe, bibi mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye.

"Nimemleta mwenye kumbukumbu," alisema Fundi.

"Kumbukumbu gani! Nimemfulia mashati miaka arobaini tu," alisema bibi. "Jumatatu linarudi na madoa meupe, Jumanne njano, na Jumamosi ilikuwa balaa, ukiliona utadhani alikuwa akichimba makaa."

Walitembea kando ya meza taratibu, bega kwa bega. Fundi hakugusa kitu. Midomo yake ilikuwa ikicheza, akihesabu, na kila alipovuka kadi kadhaa alitikisa kichwa kukubali. Alipofika kwenye machungwa alisimama, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, wala hakujisumbua kusema ni vumbi. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo yenyewe. Hivi hivi."

Kisha wakafika kwenye karatasi nyeupe. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa mazima, aliisoma kwa sauti mpaka kwenye saini.

"Nisamehe, Mzee," alisema Rula. "Hiyo moja nimekupotezea. Nimetafuta kila mahali."

Fundi aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Alimtazama Rula, akaitazama tena. Alikuwa na sura ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Hukuipoteza wewe, binti," alisema hatimaye. "Niliitoa mwenyewe. Asubuhi ile, kabla sijayaleta masanduku. Niliichana."

"Uliichana? Kwa nini?"

"Haikuwa rangi ya kiwanda. Alhamisi moja niliona mabaki ya kijani yamekaa vizuri pipani, nikaongeza hiki na kile bila ruhusa, nikapika kopo moja nikaenda nalo nyumbani. Ndiyo kwanza tumeoana. Nikaiandikia kadi, nikaificha katikati ya wenzake. Tokea hapo bluu yetu ikatoka nzuri zaidi, maana ilikuta mabaki ya kitu kingine pipani, na kila mzunguko ikabidi nipike kidogo kwa siri. Sikutaka ninyi muisome mseme fundi alikuwa mwizi."

Bibi alikuwa ameiinua kadi ya hamsini na tatu, akaigeuza chini ya taa bila kuomba ruhusa ya mtu. Rula alifungua mdomo kumkumbusha glavu, akaufunga.

"Mlango wetu," alisema bibi. "Mzee wangu, hii si rangi ya ule mlango wetu?"

"Ndiyo."

"Uliniambia lile kopo ulipewa zawadi."

"Ningekwambiaje?"

"Na kiwanda kimebomolewa, hata matofali yake yameshauzwa, bado unaogopa kufukuzwa kazi!" Alicheka, lakini kadi hakuiweka chini.

Rula alivuta karatasi yake nyeupe, akafuta sentensi ya mwisho na kuibakiza saini. "Vipimo vyake unavikumbuka, Mzee?"

Fundi alifumba macho. Vidole vyake vilisogea hewani, vikitafuta kijiko, mkebe, uzito. Baadaye vikatulia. "Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Hiyo imekwenda."

"Na mlango?"

"Upo," alijibu bibi. "Ila usijisumbue, mwanangu. Watoto wameupaka rangi juu yake mara tano, na ya mwisho ni kahawia mbaya sijapata kuona."

"Mara tano," alisema Rula, na tayari alikuwa akivua glavu. "Basi iko chini yake, bibi. Hakuna aliyeigusa."

Mama Vumbi akaenda kuchukua lenzi na kisu chembamba, na Fundi akamuuliza mkewe kama funguo za nyumbani anazo.